Majina mengi, injini tatu: tunayoyaamini kimakosa kuhusu vivinjari

Kivinjari ndiyo programu tunayoshinda nayo kutwa, na huenda ndiyo tunayoihoji kidogo kuliko zote. Wengi hutumia walichokikuta kwenye kifaa, basi. Dhana zinazofuata huzisikii kwa wageni wa kompyuta peke yao. Hata mafundi huzirudia.

"Vivinjari viko tele, kwa hiyo ushindani ni mkali"

Majina ndiyo yaliyo tele. Chini ya majina hayo kuna injini, yaani sehemu inayosoma msimbo wa ukurasa na kuuchora kwenye skrini, na injini kubwa zilizobaki ni tatu: Blink ya Google, WebKit ya Apple na Gecko ya Mozilla, wenye Firefox. Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi na Samsung Internet vyote vinatumia Blink. Opera ilikuwa na injini yake na ikaiacha mwaka 2013. Microsoft ilitangaza Desemba 2018 kwamba nayo inanyoosha mikono, na Edge mpya ikatoka Januari 2020 ikiwa imejengwa juu ya msimbo wa Google.

Kwenye iPhone mambo yamejificha zaidi. Kwa miaka mingi Apple ilivilazimisha vivinjari vyote kutumia WebKit, hivyo aliyepakua Chrome au Firefox alipata jina na rangi tu. Ndani ilikuwa injini ile ile ya Safari. Umoja wa Ulaya uliilazimisha Apple kulegeza kanuni hiyo Machi 2024, lakini ndani ya nchi wanachama tu.

Kuna ubaya gani? Mtengenezaji wa tovuti anaijaribu kazi yake kwenye Chrome, ikikubali anaondoka. Ukurasa ukigoma kwenye Firefox, lawama inamwangukia Firefox. Mchezo huu ni wa zamani, na alama zake bado zinaonekana. Kila kivinjari kinapoomba ukurasa, hujitambulisha kwa seva kwa mstari mmoja wa maandishi. Mstari wa Chrome unaanza na Mozilla/5.0, unapita kwenye AppleWebKit, unawataja KHTML (injini ya zamani iliyozaa WebKit) na Gecko, ndipo unajitaja wenyewe, kisha unamalizia na Safari. Majina ya wapinzani karibu wote yamo humo. Sababu ni kwamba tovuti zilikuwa zikikagua jina la mgeni na kuwanyima ukurasa mzuri wasiojulikana, kwa hiyo kila aliyeingia sokoni alijivisha jina la aliyemtangulia ili apokelewe.

"Kinachotumiwa na wengi ndicho bora"

Historia inasema vinginevyo. Kivinjari cha Netscape ndicho kilichotamba katikati ya miaka ya 1990. Microsoft ikaleta Internet Explorer mwaka 1995, ikaigawa bure na kuifungasha ndani ya Windows. Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft mwaka 1998 kwa kubana ushindani. Jaji akaamuru mwaka 2000 kampuni igawanywe vipande viwili, na mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikaufuta mgawanyo huo huku ikikubali kwamba sheria ilivunjwa. Kufikia hapo Netscape ilikuwa hoi.

Ninachokitazama zaidi ni kilichotokea baada ya ushindi. Internet Explorer 6 ilitoka 2001. Toleo la 7 likaja 2006. Miaka mitano mizima kivinjari kilichoshika karibu soko lote kilikaa palepale, kimejaa matundu ya usalama, kwa sababu hakuna aliyekuwa akikikimbiza. Kilichoamsha usingizi huo ni Firefox, iliyotoka Novemba 2004 kutoka kwenye msimbo wa Netscape uliokuwa umefunguliwa kwa umma.

Chrome, ya Septemba 2008, ilistahili sifa: ilikuwa na kasi, na ilitenganisha vichupo, yaani kurasa zilizofunguliwa kwa pamoja, ili kimoja kikianguka kisiviangushe vingine. Lakini pia ilitangazwa kwenye ukurasa wa utafutaji unaotazamwa na dunia nzima, na baadaye ikapakiwa kwenye simu za Android. Nafasi ya kuwa chaguo la kwanza ina bei. Kesi ya Google huko Marekani ilifichua kwamba mwaka 2022 pekee iliilipa Apple dola bilioni 20 ili utafutaji wake uwe ndani ya Safari. Hata Mozilla, mshindani wake, hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutoka kwa Google hiyo hiyo. Jaji wa kesi hiyo, Amit Mehta, aliamua Agosti 2024 kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Septemba 2025 akapiga marufuku mikataba ya kuwafungia wengine nje, ila akakataa kuamuru Chrome iuzwe.

"Nikiona kufuli, tovuti ni salama"

Hii ndiyo dhana inayowaumiza watu zaidi. Kufuli, ile alama iliyozoeleka kando ya anwani ya tovuti, linasema mambo mawili tu: mawasiliano yamesimbwa njiani ili wengine wasiyasome, na cheti cha tovuti kinalingana na anwani iliyoandikwa juu. Halisemi mwenye tovuti ni nani wala ana nia gani. Tangu shirika la Let's Encrypt lianze kutoa vyeti bure mwaka 2015, tapeli naye anapata cha kwake kwa dakika chache.

Chukua anwani ya kubuni kama hii: ingia.benkiyako.com.thibitisha-akaunti.example. Jicho linakimbilia "benkiyako.com" na kutulia. Lakini mwenye tovuti husomwa kuanzia kulia, kabla ya mkwaju wa kwanza. Hapa ni thibitisha-akaunti.example, na yote yaliyo kushoto kwake amejiandikia apendavyo. Kufuli litakuwepo, na halitakuwa limedanganya.

Google yenyewe iliona alama hiyo inapotosha. Katika utafiti wake wa 2021, ni asilimia 11 tu ya washiriki walioelewa maana yake sawasawa, na Septemba 2023 toleo la 117 la Chrome likaiondoa kwenye kompyuta na kuweka alama ya mipangilio. Msaidizi mzuri zaidi ni kihifadhi cha manenosiri kilicho ndani ya kivinjari. Chenyewe hakitazami nembo wala rangi, kinalinganisha anwani. Kikikataa kujaza nenosiri ambalo siku zote hulijaza, usiliandike kwa mkono kabla hujakagua.

"Hali fiche hunificha"

Hali hiyo (incognito), ambayo kivinjari hakitunzi historia yako, inakuficha kwa anayefuata kutumia kifaa hicho, basi. Mtoa huduma wa intaneti, mwajiri mwenye mtandao na tovuti zenyewe wanaendelea kuona. Google ilishtakiwa mwaka 2020 kuhusu jambo hili, na katika makubaliano ya 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu za watumiaji.

"Kinafanya kazi, masasisho ya nini?"

Mwaka 2021 Chrome ilianza kutoa toleo jipya kila wiki nne, na Agosti 2023 ikaanza kutoa marekebisho ya usalama kila wiki. Haraka hiyo ina sababu. Msimbo wa Chromium, yaani msingi ambao Chrome na wenzake wa Blink wamejengwa juu yake, uko wazi, hivyo tundu likizibwa, kiraka huonekana hadharani kabla hakijawafikia watumiaji wote. Mshambuliaji anasoma kiraka, anakisia tundu lilikuwa wapi, kisha anawawinda waliochelewa. Na kuchelewa ni rahisi kuliko tunavyodhani: sasisho hujipakua lenyewe, lakini halianzi kazi mpaka kivinjari kifungwe na kufunguliwa upya. Mwenye vichupo sitini vilivyo wazi tangu wiki iliyopita analo sasisho, ila halimlindi. Vivinjari vingine vya ukoo huo navyo hungoja watengenezaji wake wavihamishie kiraka, na si wote wana mbio sawa.

Viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, navyo hujisasisha kimyakimya, na huko mambo hugeuka. The Great Suspender kilipendwa na watu wengi kwa kupunguza mzigo wa kumbukumbu. Mwaka 2020 kikauzwa kwa mmiliki mpya, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi.

"Vita vya vivinjari vimekwisha"

Vimehamia uwanja mwingine. Mwaka 2025 kampuni ya Perplexity ilitoa Comet na OpenAI ikatoa Atlas, vivinjari vyenye msaidizi wa akili mnemba anayesoma kurasa na kubofya kwa niaba yako. Vyote viwili vimejengwa juu ya Chromium. Hatari viliyokuja nayo ni ya aina nyingine: maandishi ya kawaida yaliyofichwa ndani ya ukurasa yanaweza kusomwa na msaidizi kama amri ya bwana wake. Agosti 2025 watafiti wa Brave walionyesha jinsi Comet ilivyoombwa tu muhtasari wa ukurasa, ikakuta maagizo kwenye maoni ya msomaji, na ikaenda kuchukua namba ya siri ya kuingilia kutoka kwenye barua pepe za mtumiaji. Uzio unaotenganisha kichupo na kichupo haukuvunjwa. Msaidizi alipita akiwa na ruhusa zote za mwenyewe.