"Refa hashitakiwi": nani kawaambia?

"Wakili, mimi kazi yangu filimbi tu. Mchezaji akivunjika, Sheria ya 5 inanilinda." Nimeyasikia haya Moshi, nimeyasikia Arusha, na juzi mwamuzi wa ndondo kaja nayo ofisini, kitabu cha sheria za soka mkononi, ukurasa kaukunja pembe.

Ukurasa ni wa kweli. Unasema mwamuzi hawajibiki kwa jeraha la mchezaji, kiongozi wala mtazamaji. Ila kitabu hicho ni cha IFAB, bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka, Zurich, hakikupitishwa na Bunge pale Dodoma. Hakimu wa Arusha atauliza maswali yake yaleyale ya uzembe: ulikuwa na wajibu wa uangalifu, uliuvunja, na mtu kaumia kwa sababu hiyo?

"Hayo ya Ulaya." Haya, twende Ulaya. Januari 1998, Wales, mechi ya raga, refa wa ridhaa kama wewe. Mchezaji wa safu ya mbele ya timu ya Llanharan akaumia, akaingia mtu asiyeizoea nafasi hiyo. Kanuni ilitaka skramu, pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanapoinama na kushikamana kugombea mpira, zichezwe bila kusukumana. Refa akaiachia timu iamue. Ikachagua kusukumana, maana vinginevyo ingekosa pointi. Dakika za mwisho skramu ikaharibika, mchezaji akapooza. Mwaka 2003, katika kesi ya Vowles dhidi ya Evans, Mahakama ya Rufani ya England na Wales ikathibitisha kuwa refa alizembea. Hakuhukumiwa kwa kukosea kufumba na kufumbua, na hilo muwe mnalisoma pia. Alikuwa na muda wa kufikiri. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini wakili wa majeruhi ataiweka mezani, na mimi ningeiweka.

Wengine husema mzazi alishasaini fomu. Mzazi karidhia rafu na kuteguka kifundo, basi. Hakuridhia goli la kuhamishika limwangukie mwanawe, wakati Sheria ya 1 ya kitabu hichohicho inataka magoli yakazwe ardhini. Kagua kabla ya kupuliza. Kamishna wa mechi akikuharakisha eti mgeni rasmi kafika, andika kwenye ripoti, na saa uiandike.

Lililobaki linaniudhi kwa namna yake: "Yule kiziwi tulimtoa kwa usalama wake." Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2009, ambao Ibara ya 30 inagusa michezo waziwazi. Haisikii filimbi? Inua mkono, peperusha kibendera, waambie manahodha kabla ya mechi. Kumtoa kabla hujajaribu lolote ndiko kunakokuletea barua ya wakili.

Mwamuzi wangu alikunjua ile pembe ya ukurasa, akaulizia viroba vya kujaza mchanga vya kukandamizia magoli, kama sokoni Kilombero vinapatikana kwa bei nafuu.