Sura ya Karata: Maana Yake kwa Mkusanyaji

Mcheza karata wa pwani akisema "shupaza" anataja upanga, ingawa karata aliyoishika ina kitu kama jani jeusi lenye kikonyo. Kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, pau ni magongo. Majina yote manne ni ya Kireno, na kwenye karata za zamani za Kireno vitu hivyo vilikuwa vimechorwa kweli: vikombe, panga, magongo na sarafu za dhahabu. Baadaye Wareno wakahamia alama za Kifaransa, hizi tunazozijua sote, majina wakayaacha palepale.

Hispania na Italia karata za vikombe na panga bado zinachezwa, tena si za namna moja. Ya Napoli si ya Bergamo, ya Bergamo si ya Treviso. Tofauti hiyo ndiyo wakusanyaji wanayoiita sura ya kimkoa. Wafaransa wa zamani waliiita "portrait", na neno letu la sura naona linaibeba vizuri.

Sura ni mchoro uliozoeleka mahali fulani, unaochapwa na viwanda mbalimbali kwa miaka mingi, bila kuwa mali ya yeyote. Pakiti yenye picha za twiga inayouzwa kwa watalii haina sura kwa maana hii, hata ikipendeza vipi, kwa sababu hakuna kijiji kilichokaa jioni kikaizoea. Sura ya Napoli, kinyume chake, mchezaji huijua hata akiiona upande tu. Tatu ya magongo ina uso mkubwa wenye masharubu pale magongo yanapokutana, na mtu akikuletea tatu isiyo na masharubu hayo utajua hujafika Napoli. Za Treviso zina maneno kwenye karata za moja. Ya magongo inasema "Se ti perdi tuo danno", yaani ukipoteza, hasara ni yako. Wahispania nao wana ujanja wa kwenye fremu: sarafu haina pengo, vikombe vina pengo moja, panga mawili, magongo matatu. Mchezaji anafunua ncha tu ya karata na tayari ameshajua ana nini.

Kinachonivutia mimi zaidi ni makosa. Wachonga vibao vya kuchapia walinakiliana kizazi hadi kizazi, na kila mkono ukapunguza kitu. Chukua mfalme wa kopa kwenye pakiti yoyote ya dukani. Sura hiyo ya Kiingereza ilitokana na karata za Rouen, Ufaransa, ambako mfalme huyu alishika shoka. Bapa la shoka likapotea katika kunakili, ukabaki mpini, na mpini ukageuka upanga unaoonekana kama anajichoma kichwani. Mkusanyaji hufuata mabadiliko ya namna hiyo ili kujua sura ipi imezaa ipi.

Kazi ya kuzipanga sura kwa utaratibu ilipata nguvu baada ya chama cha kimataifa cha wapenzi wa karata kuanzishwa mwaka 1972. Mwingereza Sylvia Mann alikuwa miongoni mwa waliosukuma kazi hiyo. Mwaka huohuo Italia ilifuta kodi ya karata, jambo linalomsaidia mkusanyaji: pakiti ya Kiitaliano yenye muhuri wa kodi, mara nyingi kwenye karata ya moja ya sarafu, ni ya kabla ya hapo.

Mipaka ya sura haifuati ya nchi. Uswisi imegawanyika ndani kwa ndani: upande wa mashariki wa mstari unaofuata njia ya milimani ya Brünig, mlima Napf na mto Reuss wanatumia waridi, ngao, kengele na mbegu za mwaloni, upande wa pili alama za Kifaransa, na mchezo ni uleule, Jass. Hungaria ndiyo kichekesho kabisa. Karata zao za kitaifa, zilizobuniwa mji wa Pest (leo sehemu ya Budapest) miaka ya 1830, zimejaa mashujaa wa Uswisi, akiwemo Wilhelm Tell na upinde wake. Mashujaa wa Kihungaria wasingepita kwa wakaguzi wa dola ya Habsburg, iliyoitawala Hungaria wakati huo.