Matandazo si mbolea

Matandazo ni chochote kinachotandazwa juu ya udongo kuufunika: nyasi kavu, majani ya migomba, mabua, pumba za mpunga. Hutunza unyevu, huzuia magugu na huvunja nguvu ya matone ya mvua. Maana yake ndiyo hiyo.

Lakini kila mara utasikia mtu akisema ameweka matandazo, kumbe ameyachimbia ardhini kama samadi. Neno lenyewe linakataa. Asili yake ni kutanda, kama wingu linavyotanda. Kutandaza, kutandika na utando ni ndugu zake. Kilichotanda kiko juu. Kilichofukiwa hakikutanda.

Tofauti hiyo mazao huiona kabla ya mkulima. Fukia maranda au mabua makavu, kisha panda sukuma wiki hapo hapo: vijidudu vinavyoozesha vitu hivyo vinahitaji naitrojeni, na maranda au mabua yenyewe yana kidogo mno, basi huichukua ya udongoni na majani ya mboga hugeuka njano. Yale yale yakiachwa juu, upungufu huishia kwenye tabaka jembamba la juu, na mizizi iliyo chini huendelea kula. Inayochanganywa na udongo ni mboji, yaani masalia yaliyokwisha kuoza. Matandazo nayo yatafika huko, ila kwa wakati wake.

Kwa bustani kubwa, piga hesabu kabla ya kununua. Mita moja ya ujazo hufunika mita za mraba 20 kwa unene wa sentimita 5. Robo eka, kama mita za mraba 1,000, inataka mita za ujazo 50. Ni mzigo wa malori. Anza na masalia ya shamba lako, funika matuta tu, njia ziache wazi. Nyasi zikatwe kabla ya kutoa mbegu. Kama zilipuliziwa dawa ya magugu, ziache: baadhi ya dawa hizo hukaa kwenye majani makavu kwa miezi, zikakunja nyanya na maharage. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa usiyaguse kabisa. Mwagilia kwanza ndipo utandaze, na uache sentimita 10 kuzunguka shina, maana unyevu unaolala hapo huliozesha.

Anayefukia mabua hajaharibu kitu, mradi afanye hivyo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Ila kazi hiyo aiite kufukia masalia.