Timu ya kina dada ya kalingi ikisafiri, isome barafu kwanza

Mi ni kocha wa kalingi, ule mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu, nafundisha timu ya kina dada wa ridhaa, yani watu wana kazi zao, wengine wana watoto wadogo, mazoezi ni jioni na wikiendi tu. Kila tukikaribia kusafiri swali la kwanza kwenye grupu huwa ni lilelile, tunacheza na kina nani na wanachezaje? Mi nawaambia wapinzani tutawaona tukifika, kitu cha kujiandaa nacho ni barafu. Timu nyingi za ridhaa zinapigwa mechi za mwanzo na watu wa kiwango chao kabisa kwa sababu wako ugenini ila mikono na miguu bado inacheza barafu ya nyumbani, na inaniuma sana kuona hivyo maana watu wamejichanga nauli, wameomba ruhusa kazini, alafu wikiendi inaisha ndo wanaanza kuzoea.

Kwa asiyeujua mchezo nieleze haraka. Timu ina watu 4, kila mtu anaachia mawe 2 kila raundi, jiwe ni la granaiti na halitakiwi kuzidi kilo 19.96, linateleza mpaka kwenye duara la upande wa pili tunaloliita nyumba, lina kipenyo cha mita 3.66. Wawili wanafagia mbele ya jiwe, nahodha kasimama kwenye nyumba anaelekeza. Raundi ikiisha, timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndo inapata pointi, wengine hawapati kitu.

Sasa hiyo barafu sio laini kama kioo. Kabla ya mechi fundi wa barafu anapita ananyunyizia matone ya maji, yanaganda pale pale yanakuwa vipele, na jiwe linapita juu ya hivyo vipele. Chini jiwe lenyewe limebonyea katikati, kinachogusa barafu ni ukingo mwembamba tu wa duara. Mechi ikiendelea vipele vinasagika, ile njia inayopitwa sana inabadilika tabia, jiwe ulilolipima vizuri raundi ya pili ukiliachia vilevile raundi ya sita linaishia kwingine kabisa. Na hapo bado hujahesabu joto la ukumbi, unyevu wa hewa, watu wakijaa.

Timu nyingi za ridhaa zinafanyia mazoezi kwenye uwanja wa hoki ya barafuni kwa kukodi masaa. Uwanja wa hoki haujasawazishwa kwa ajili yetu, una vibonde na vimiinuko, unaweza ukalizungusha jiwe lipinde kulia likateremkia kushoto, na kina dada wanajifunza kuishi na hivyo vibonde bila hata kujua kama wamejifunza. Wakifika kwenye ukumbi uliojengwa kwa ajili ya kalingi peke yake wanakuta barafu iko sawa na ina mbio, jiwe linapinda vizuri hata zaidi ya mita moja, na kila kitu wanachokijua kinakuwa pungufu. Angalia timu zilizofika mbali. Wengi kwenye ile timu ya Kim Eun-jung ya Korea Kusini iliyochukua medali ya fedha ya Olimpiki 2018 waliuanza mchezo wakiwa wanafunzi huko Uiseong, sehemu ya wakulima wa vitunguu saumu, kwa sababu ukumbi wa kalingi ulifunguliwa kwao 2006. Japani nayo, timu ya Satsuki Fujisawa, shaba 2018 na fedha 2022, maskani yao ni Tokoro kule Hokkaido, na Tokoro kuna ukumbi wa kalingi. Ukumbi ulikuwepo, vipaji vikaonekana. Asiye na ukumbi inabidi aufuate, ndo maana mi nasema safari yenyewe ni mazoezi, fika siku moja au mbili kabla, lipia masaa ya barafu hata kama itabidi mbane kwingine.

Hayo masaa myatumie kufanya nini? Hapa ndo nagombana na makocha wenzangu. Wengi wanawaacha wachezaji wapige mawe magumu, kuondoa mawe mawili kwa mpigo na vitu kama hivyo, inapendeza kuangalia. Mi nataka kitu kimoja, mwendo. Chukueni stopwachi, kuna mistari miwili inaitwa ya hogi, mmoja kila upande, katikati yake ni kama mita 21.95. Anza kuhesabu jiwe likivuka wa kwanza, simamisha likivuka wa pili, alafu uone limeishia wapi. Likitulia kitovuni, hizo sekunde ziandike, ndo namba yenu ya wikiendi nzima.

Na hapa wageni wengi wanachanganyikiwa kwa hiyo nitakaa kidogo. Namba ikiwa kubwa maana yake barafu ina MBIO, sio nzito. Fikiria, kwenye barafu nzito lazima ulisukume jiwe kwa nguvu ili lifike, kwa hiyo kati ya mistari linapita haraka, tuseme sekunde 10, alafu linakamatwa na barafu linasimama. Kwenye barafu yenye mbio unaliachia taratibu, linapita kwa sekunde 14 hivi, linaendelea kutambaa tu na linaishia palepale kitovuni. Mchezaji aliyezoea 10 akiingia kwenye barafu ya 14 jiwe lake linapita nyumba yote linatoka nyuma, na ukimwambia apunguze anapunguza kidogo tu maana mwili wake unakataa kuamini kwamba mwendo ule mdogo unatosha. Dawa yake ni kurudia, jiwe la kwenda kitovuni, tena, tena, kila mtu, mizunguko yote miwili, wa saa na wa kinyume, mpaka mguu uelewe. Nasema mguu kwa sababu nguvu ya jiwe inatoka kwenye mguu unaosukumia kwenye kile kikanyagio cha nyuma, mkono unashika uelekeo na kuzungusha tu.

Kingine ni mawe. Mawe ni ya wenyeji, hakuna anayesafiri nayo, na hayafanani hata kama yametoka kiwanda kimoja siku moja. Yana namba kwenye mshikio, 1 mpaka 8 kila rangi. Lingine linakimbia kuliko wenzake, lingine linapinda mno. Kwa hiyo mtu mmoja anakaa na daftari, anaandika rangi, namba, leni (njia ya barafu mliyochezea), sekunde, limepinda kiasi gani. Baada ya hapo mnayapanga mawili mawili yanayofanana, pacha bora anapewa nahodha maana ndo anamalizia, yale yasiyoelewana anaanza nayo mchezaji wa kwanza. Mkiwa na mchezaji wa tano wa akiba mpeni hiyo kazi ya daftari na muiheshimu, usimfanye mtu wa kubeba chupa za maji.

Kufagia. Mnaofagia mnapunguza msuguano, jiwe linakwenda mbali zaidi, mara nyingine mita 3 au 4 za ziada, na linanyooka zaidi. Kulirudisha nyuma hamwezi, kwa hiyo kukiwa na wasiwasi bora jiwe liwe pungufu kidogo kuliko lizidi. Kina dada wenye miili midogo naambiwaga hawawezi kufagia kwa nguvu na mi hilo silikubali. Shika mpini chini zaidi, panda kwenye vidole vya miguu, uzito wote uulalie ufagio, mtu wa kilo 55 anayefanya hivyo anamzidi wa kilo 75 aliyesimama wima anasukuma kwa mikono.

Kwenye begi, viatu vya kuchezea visikae mbali na wewe, ufagio unaweza kuazima ila kiatu cha kutelezea cha mtu mwingine kitakuharibia kila kitu. Usivivae nje hata hatua moja, chembe ya mchanga inakwaruza barafu ya watu. Na nywele zifungwe jamani, za aina yoyote. Unywele mmoja ukilala njiani jiwe likaukanyaga linaweza kukata kona ghafla, na raundi nzima ikaenda hivyo, nimeshaona.

Mwisho ulizeni sheria kabla hamjaanza, kwa sababu mashindano ya wikiendi hayafanani. Kwenye mashindano ya kimataifa tangu 2018 mawe ya ulinzi ya mpinzani yaliyoko mbele ya nyumba hayaruhusiwi kuondolewa mpaka jiwe la sita la raundi, klabu nyingine zina utaratibu wao. Ulizeni pia timu ya kuachia jiwe la mwisho la raundi ya kwanza inapatikanaje, maana hiyo ni faida kubwa. Sehemu nyingine wanarusha shilingi tu, kwingine kila timu inapiga jiwe moja kwa kila mzunguko kwenda kitovuni na wanapima kwa sentimita. Kama ni hiyo ya kupima, daftari lifunguliwe, wapeni hao wawili wanaopiga mawe mliyoyaamini jana yake, na mtu wa stopwachi awaambie namba ya siku hiyo kabla hawajakanyaga barafu.