Je, Rais anaweza kumtumbua Makamu wake?

Swali hili halikosi kila tunapotoa elimu ya Katiba: Rais wa Tanzania akichoshwa na Makamu wake, si anamtumbua tu kama anavyowatumbua mawaziri? Hapana. Waziri ni mteule wa Rais. Makamu kapigiwa kura.

Kura yenyewe ni moja. Ibara ya 47 inakitaka chama kiwapendekeze wote wawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukimpa kura mgombea urais umempa na mgombea mwenza wake. Mmoja akitoka Bara, wa pili lazima atoke Zanzibar. Utaratibu huu ulianza na uchaguzi wa 1995. Zamani Rais wa Zanzibar alikuwa Makamu kwa wadhifa wake, ndiyo maana Aboud Jumbe alipojiuzulu mwaka 1984 aliachia vyeo vyote viwili.

Tuje kwenye kumwondoa. Ibara ya 50 inamruhusu Rais kumkabidhi Spika hati inayoeleza kwamba Makamu ameacha au ameshindwa kazi, ila nguvu yake inakomea hapo. Yanayofuata yanafanana na ya kumwondoa Rais mwenyewe: theluthi mbili ya wabunge wote waridhie kuunda kamati maalumu ya uchunguzi, mwenyekiti wake awe Jaji Mkuu, na Jaji Mkuu wa Zanzibar awe mjumbe, mtuhumiwa apewe nafasi ya kujitetea, kisha ipatikane theluthi mbili nyingine ya kusema tuhuma zimethibitika. Kwa maoni yangu mlango huu umefanywa mwembamba makusudi, na hakuna Makamu aliyetolewa kwa kupitia humo.

Waliotangulia waliondoka kwa sababu nyingine. Dk. Omar Ali Juma alifariki akiwa kazini Julai 2001, na Dk. Ali Mohamed Shein akateuliwa kushika nafasi yake. Hapo Rais ana siku 14 za kuteua, baada ya kushauriana na chama chake, na Bunge ndilo linalothibitisha. Mwaka 2021 aliyefariki, Machi 17, ni Rais John Magufuli. Samia Suluhu Hassan akaapishwa siku mbili baadaye kumalizia muhula, bila uchaguzi mwingine. Machi 30 jina la Dk. Philip Mpango, wakati huo Waziri wa Fedha, likasomwa bungeni Dodoma: kura 363, zote za ndiyo. Pande zikageuka, Rais Mzanzibari, Makamu wa Bara. Na aliyerithi kiti kwa miaka mitatu au zaidi hugombea urais mara moja tu.

Kikatiba, Makamu humsaidia Rais kufuatilia Mambo ya Muungano, hufanya anayoagizwa, na hukaimu Rais akiwa nje ya nchi. Mazingira yamewekwa tu chini ya ofisi yake. Kanuni zilizopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 1, 2019, ile ya rambo tuliyozoea kubebea nyanya sokoni, zilitoka Ofisi ya Makamu wa Rais.