Je, wajua kwa nini spoku iliyolegea ndiyo hukatika?

Mwambie mtu kwamba spoku zake zinakatika kwa sababu zimelegea, atakutazama kama unamtania. Kamba si hukatika ikivutwa sana? Kwenye gurudumu la baiskeli, mara nyingi ni kinyume chake.

Ishike spoku moja isiyofungwa popote. Ni waya wa chuma wenye unene wa milimita 2 hivi. Isimamishe mezani uibonyeze kwa kidole: inapinda. Spoku haijui kusukumwa, inajua kuvuta tu. Gurudumu linasimama kwa kuwa spoku zote zimeshavutwa kabla hujapanda. Ukikaa kwenye kiti, zile tatu au nne zilizo chini, karibu na ardhi, hupungukiwa mkazo, nyingine zote hata hazishtuki sana.

Sasa endesha. Kila spoku hupita chini kwa zamu yake, na kwa tairi lenye mzingo wa mita 2.1 hiyo ni karibu mara 480 katika kila kilomita. Iliyokazwa vizuri hupungua kidogo tu, ikaendelea kuvuta. Iliyolegea inafika sifuri. Hapo kichwa chake kinacheza ndani ya tundu la habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kona yake iliyo karibu na kichwa inapindwa na kunyooshwa, kama waya unaoukunja huku na huku hadi unakatika mkononi. Ndiyo maana spoku nyingi hukatika palepale kwenye kona, si katikati. Tena ikilegea, mtikisiko huifungua nati yake ndogo kule kwenye ringi, lile duara la nje linaloshika tairi, ikazidi kulegea, na mzigo wake ukahamia kwa majirani.

Basi ikazwe kiasi gani? Jibu langu: kadiri ringi itakavyovumilia. Ringi nyingi za alumini hukubali kama kilo 100 hadi 120 kwa kila spoku, yaani kama vile umening'iniza mzigo wa uzito huo kwenye waya mmoja. Spoku yenyewe huvumilia zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo hofu si ya spoku. Chukua gurudumu la spoku 36, kila moja ikivuta kilo 100: ringi inabanwa kuelekea ndani mzunguko mzima, na mbano huo ndani ya ringi yenyewe ni kama kilo 570. Ukizidisha, nyufa zitaanza kwenye matundu ya nati, au siku moja utaingia shimoni na ringi ikajikunja umbo la nane. Kiwango kilichotolewa na mtengenezaji wa ringi ndicho cha kufuata.

Gurudumu la nyuma lina ukaidi wake. Upande wa gia, spoku zimesimama wima zaidi kwa sababu gia zimekula nafasi, hivyo lazima zikazwe zaidi ili ringi ibaki katikati. Za kushoto zinaweza kuishia kwenye asilimia 60 tu ya hizo. Usijaribu kuzilinganisha, ringi itahamia kushoto. Kaza upande wa gia hadi kiwango chake, wa kushoto utafuata.

Kipimo bora ni kifaa cha kupimia mkazo, lakini sikio nalo linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Gusa spoku kwa ukucha kama uzi wa gitaa. Za upande mmoja zinapaswa kulia karibu sawa. Inayotoa sauti nzito imelegea kuliko wenzake. Ila sauti hudanganya kidogo: mkazo ukiongezeka mara mbili, sauti haipandi mara mbili. Ili ipande oktavu nzima, yaani mara mbili, mkazo lazima uwe mara nne. Na upime kabla ya kujaza upepo, maana tairi likijaa huibana ringi na mkazo wa spoku hushuka.

Jambo la mwisho ni lile ambalo wanaoanza hulisahau. Unapozungusha nati, spoku nayo hujisokota pamoja nayo. Kwa hiyo ipitishe nati kidogo mahali unapotaka, kisha irudishe. Usipofanya hivyo, ukipanda mara ya kwanza utasikia tii, tii, tii: ni spoku zinajisokotoa, na ringi uliyoinyoosha kwa saa nzima inaanza kuyumba tena.