Kubadilisha koili ya ditekta: yanayosemwa machimboni na ukweli wake

Kuanzia Busia hadi Mubende, na hadi Rupa kule Karamoja, wachimbaji wadogo wa dhahabu waliochangishana kununua ditekta, mashine ya kutafutia metali ardhini, hupewa ushauri uleule: fungeni koili kubwa, yaani ile sahani yenye waya ndani inayopitishwa juu ya udongo. Huniuma kuona akiba ya kundi zima ikiishia kwenye koili isiyowafaa.

"Koili kubwa huona chini zaidi." Huona, kama kilichofukiwa ni kikubwa. Punje ya ukubwa wa kichwa cha njiti ya kibiriti inapitwa tu, kwa sababu nguvu ya sumaku ya koili kubwa imetawanyika. Hata kwa kipande kizito, kuongeza upana maradufu hakukupi kina maradufu. Ishara hufifia upesi mno: kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, umbali ukiwa mara mbili, inabaki takriban sehemu moja ya 64.

Kisha kuna udongo wenyewe. Sehemu nyingi za Uganda ni nyekundu, zimejaa chuma, na koili kubwa inausoma udongo mwingi kwa mpigo mmoja, hivyo nao hulia. Penye misumari chakavu au katikati ya mawe na mashina, koili ya inchi 5 au 6 hunisaidia zaidi. Ditekta ya Gold Monster 1000 huja na koili mbili, ya duara ya inchi 5 na ya yai ya inchi 10 kwa 6, na nimeikuta ile ndogo imeachwa kwenye boksi kana kwamba ni ya watoto. Itoeni. Tena ni nyepesi: mkono uliochoka huinua koili, na kila sentimita ya hewa unayoiacha chini yake ni sentimita ya udongo uliyoipoteza.

"Plagi ikiingia, koili inafaa." Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Koili ya mashine ya VLF, ile inayotuma mawimbi ya masafa ya chini mfululizo, husawazishwa na masafa ya mawimbi ya mashine yake; mashine za mapigo kama GPX 5000, zinazotuma nguvu kwa mipigo mifupi mifupi, zina koili za namna nyingine kabisa. Pini zinaweza kulingana kwa idadi huku waya za ndani zikiwa zimepangwa tofauti. Nunua kwa jina kamili la modeli. Wala usikate waya wa koili ili uurefushe, maana usawa uliowekwa kiwandani unavurugika.

"Ukishafunga, anza kazi." Zima mashine kwanza, ndipo uchomoe koili ya zamani. Zungushia waya kwenye fimbo na uubane vizuri, kwani unaoning'inia hutoa milio ya uongo. Bolti ya plastiki ikivunjika, tafuta nyingine ya plastiki. Ya chuma italia siku nzima. Fungua kifuniko cha koili, ukung'ute udongo ulionasa ndani. Kisha isawazishe mashine upya na ardhi, ukiipandisha na kuishusha koili mahali pasipo na chuma. Mipangilio ya koili ya jana haifai kwa koili ya leo.

Koili kuvumilia maji hakumaanishi kisanduku cha mashine nacho kinavumilia. Hilo halihitaji maneno mengi.

Dhana inayowagharimu wa Busia ni hii: kwamba ipo koili ya kuona dhahabu ndani ya jiwe jeupe. Dhahabu yenu nyingi ni unga. Jiwe husagwa, kisha huoshwa, ndipo ionekane. Chembe hizo zimetengana, na ishara ya kila moja ni hafifu mno kwa koili yoyote, ya bei yoyote.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, chukueni gololi ndogo ya madini ya risasi, ile ya bunduki ya kuwindia ndege, maana madini hayo huitika karibu kama dhahabu. Ifukieni kwenye udongo wa shimo lenu, kina cha vidole viwili, kisha vinne, kisha sita. Pitisheni koili mliyonayo, halafu ile mnayouziwa, na wote mliochanga msikilize.